Maswali ya Wasomaji: Ukitega kwa Simu, Utanasa Wapenda Simu

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Molo, Nakuru mjini, Kakamega na Bungoma, na karibu zote zinazunguka jambo moja: nikitoa zawadi ili watu waniachie barua pepe zao, nitapata wateja au nitapata majina tu? Tumechagua nane. Ndefu tumezifupisha.

Nina blogu ya mapishi na ninauza keki hapa Kisumu. Mwezi wa nne nilitangaza kwamba atakayejiandikisha kwa barua pepe anaweza kushinda simu ya Sh14,000. Ndani ya siku 14 walijiandikisha watu 1,140, nikafurahi kweli. Sasa nikituma barua, wanaobonyeza linki ni 19, na kila wiki wengine wanajitoa. Nimekosea wapi? — Mama Keki, Kisumu

Kosa liko kwenye zawadi, Mama Keki, si kwenye barua unazotuma. Simu inatamaniwa na kila mtu. Anayekula keki na asiyekula, aliye Kisumu na aliye Garissa, wote wana sababu ileile ya kujaza fomu yako. Isitoshe, kuna vikundi vya WhatsApp na Telegram ambavyo kazi yao ni kurushiana linki za mashindano. Linki ya simu ya bure ikiingia humo asubuhi, kufikia jioni orodha imejaa watu wasiojua hata unauza nini. Droo ikiisha, wameshahamia linki nyingine.

Piga hesabu upya. Sh14,000 ukigawa kwa majina 1,140 unapata kama Sh12 kwa jina, na hapo mtu husema amepata bei ya kutupa. Lakini walio na shughuli na wewe ni 19. Sh14,000 kwa watu 19 ni Sh737 kila mmoja, na hiyo ndiyo bei uliyolipa.

Wengi wangekushauri utoe vifaa vya kuokea: mizani ya jikoni, mikebe ya inchi 8, mfuko wa kupambia na ncha zake. Ushauri huo unamfaa anayeuza mafunzo ya kuoka. Wewe unauza keki. Anayetamani mizani ni mtu anayetaka kujiokea mwenyewe, na huyo atakuwa wa mwisho kukuagiza keki ya harusi. Blogu ya mapishi tayari inakuvutia watu wa aina hiyo, kwa hiyo ukiongeza na zawadi ya vifaa utajenga orodha ya washindani wako.

Toa keki. Keki tano za kilo moja moja, si moja ya kilo tano. Watu wameshachoshwa na promosheni ambazo mshindi wake hajulikani anakotoka. Washindi watano wa mtaani, huyu wa Milimani, yule wa Kondele, mwingine wa Mamboleo, wanaaminika kuliko mmoja. Halafu keki unaitoa kwa gharama ya unga, mayai, siagi, gesi na boksi, si kwa bei unayouzia. Tuseme kilo moja inakugharimu Sh800: zawadi zote ni Sh4,000. Wakijiandikisha 160, wakathibitisha 110, na baada ya miezi miwili watu 45 bado wanabonyeza linki zako, umelipa Sh89 kwa mtu. Namba hizi ni za mfano, lakini zigeuze utakavyo, bado utaona kwamba orodha ndogo imekuwa rahisi kuliko ile kubwa.

Kwenye fomu weka vitu vitatu tu: jina la kwanza, barua pepe, na swali moja, "Sherehe yenu inayofuata ni mwezi gani?" Kila kisanduku unachoongeza kinawapunguza wanaomaliza kujaza, kwa hiyo swali hilo la tatu lazima lijilipie. Hili linajilipia: aliyejibu Agosti unamwandikia wiki ya pili ya Julai, barua fupi yenye picha tatu na bei zake.

Masharti yaandike wazi: keki itachukuliwa Kisumu, ndani ya siku 30, kwa kuagiza siku nne kabla. Hayo maneno mawili, "itachukuliwa Kisumu", yanafukuza wawindaji wa zawadi kuliko ulinzi wowote wa kompyuta. Na usiende siku 14. Siku saba hadi kumi zinatosha, maana wengi hujiandikisha siku mbili za mwanzo na siku ya mwisho. Katikati hupoa, na ukirefusha unawapa wawindaji muda wa kuipata linki.

Wale 1,140 usiwaonee huruma. Watumie barua ya sentensi mbili yenye kitufe cha "Nataka kubaki". Subiri siku saba, rudia mara moja kwa ambao hawakubonyeza, kisha futa waliobaki. Na usipime kwa idadi ya waliofungua barua. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha zilizo ndani ya barua hata kama mwenyewe hajaigusa, na mfumo unahesabu kwamba imefunguliwa. Hesabu waliobonyeza, waliojibu na walionunua.

Nina duka la agroveti Molo. Kijana wangu anasema nikusanye barua pepe za wakulima kwa kuwapa nafasi ya kushinda mfuko wa mbolea. Lakini wateja wangu wengi nikiwauliza barua pepe wananiangalia tu. — Mzee wa Agroveti, Molo

Mzee, kijana ana nusu ya ukweli. Karibu kila mwenye simu ya Android ana anwani ya Gmail, kwa sababu bila akaunti ya Google Play Store haimfungulii. Shida ni kwamba anwani hiyo ilitengenezwa na kijana wa duka la simu siku ya kununua, au na mhudumu wa saiba siku ya kushughulikia mambo ya KRA au eCitizen, na mwenyewe hajawahi kuingia humo. Ukiiandika, umepata mlango usiofunguliwa na mtu.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio la siku mbili pale kaunta. Waulize wateja 20: "Mara ya mwisho kusoma barua pepe ilikuwa lini?" Wakiwa chini ya watano wanaosema ni wiki hii, achana na barua pepe kwa sasa, omba namba za simu, kwa idhini yao, na utumie SMS. Wakizidi kumi, kijana yuko sawa. Wakiwa katikati, fomu iwe na nafasi ya vyote viwili.

Asiyeijua anwani yake, mwambie afungue Play Store na kugusa kiduara chenye picha au herufi kilicho juu upande wa kulia; anwani iko hapo. Kisha mwombe akutumie barua pepe akiwa papo hapo dukani, hata yenye neno moja. Utaipata anwani bila kosa la herufi, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kukuandikia, barua zako hazitatupwa kwenye taka kwa urahisi.

Sasa mbolea. Mfuko wa kilo 50 ni sawa na pesa taslimu: unaweza kuuzwa kabla haujafika nyumbani, na asiye na hata robo ekari atajiandikisha. Toa kupimiwa udongo. Lipia shamba tatu au nne kwenye maabara, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima, na asiye na shamba hana la kufanya na zawadi hiyo. Tangaza mwanzoni mwa Januari, droo ifanyike mwisho wa mwezi huo, majibu yawe mkononi kabla ya upanzi wa mvua ndefu. Ukitangaza Aprili mbegu zikiwa ardhini, hakuna atakayejali.

Ambao hawakushinda nao wapate kitu: barua inayoeleza jinsi ya kuchukua sampuli. Tembea shamba kwa zigizaga, chimba sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, ukiepuka penye kichuguu, zizi la zamani, chini ya miti na kando ya njia. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo hadi kilo moja, kausha kivulini, andika jina la shamba na zao la msimu uliopita. Onya kwa herufi kubwa: usibebe udongo kwa gunia la mbolea wala ndoo iliyowahi kushika mbolea ya DAP. Punje chache zilizosalia zinatosha kupandisha fosforasi kwenye majibu, na mkulima ataambiwa shamba lake limeshiba wakati lina njaa.

Barua ya pili ieleze kusoma majibu. pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ikishuka chini ya 5.5, mahindi hayapati fosforasi vizuri hata ukiongeza mbolea, na hapo chokaa huja kwanza. Viazi, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa Molo, huvumilia asidi zaidi. Mkulima akishasoma hilo atakuja dukani kuuliza chokaa bila wewe kumtangazia.

Napiga picha za harusi Nakuru. Nataka kufanya droo ya kupigwa picha bure kwa kila anayejiandikisha. Kuna sheria inayonihusu au hizi ni za kampuni kubwa tu? — Mpiga Picha, Section 58

Ziko mbili, na zote zinakuhusu.

Ya kwanza ni ya bahati nasibu. Shindano linaloamuliwa kwa bahati linaingia kwenye eneo la mdhibiti wa kamari. Ndiyo maana chini ya matangazo ya kampuni kubwa kumekuwa na mstari mdogo unaotaja idhini ya BCLB, bodi ya kudhibiti kamari. Mwaka 2025 ilitiwa saini sheria mpya ya kudhibiti kamari kuchukua mahali pa ile ya 1966, nayo inaleta mamlaka mpya badala ya bodi hiyo. Ukishikilia droo, mwandikie mdhibiti kwanza upate jibu lake kwa maandishi. Wala usimlazimishe mtu kulipa au kununua ili aingie, maana hapo unazidi kufanana na bahati nasibu yenyewe.

Kwa biashara ndogo kama yako sisi tungeikwepa droo kabisa. Mpe kila anayejiandikisha kitu kilekile: ratiba ya siku ya harusi saa kwa saa, orodha ya picha 40 za familia ambazo watu husahau kupiga, au punguzo la Sh2,000 kwa atakayelipa arubuni ndani ya siku 60. Pasipo na bahati hapana droo, hapana malalamiko ya aliyekosa, na hapana mwindaji. Kwa kazi yako, orodha ya picha za familia ina nguvu kuliko droo: anayeitaka ni mtu mwenye tarehe ya harusi.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 32 kinakuwekea wewe mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu alikubali, na cha 37 kinakataza kutumia taarifa zake kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa sheria nyingine ikuruhusu. Kwa vitendo: fomu iwe na visanduku viwili, cha kwanza "Nataka kupata zawadi", cha pili "Nakubali kutumiwa barua za ofa". Hicho cha pili kikae tupu mpaka mwenyewe akitie alama. Ndiyo, wengine watakiruka. Hao wangebonyeza kitufe cha taka wiki ya pili hata hivyo. Hifadhi tarehe na saa ya kila idhini. Mifumo ya kutuma barua hufanya hivyo yenyewe, daftari halifanyi. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji idhini ya mzazi au mlezi, kwa hiyo andika "miaka 18 na zaidi" na uondoe kichwa cha kuuma.

Kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data si lazima kwa biashara yenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, isipokuwa kazi zilizotajwa kwenye kanuni, kama shule, afya na hoteli. Msamaha huo ni wa usajili tu. Sheria yenyewe bado inakubana.

Wewe hasa, kwa kuwa mikono yako imezoea kamera: usiweke picha ya mshindi mtandaoni bila idhini aliyoandika. Mwaka 2023 Kamishna alikitoza kiwanja kimoja cha burudani Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila ruhusa yake.

Ninaandika blogu ya marudio ya Kemia na nilitoa zawadi ya kikokotoo cha kisayansi. Nikipitia orodha ya majina 312 naona kama mtu mmoja ameingia mara nyingi lakini anwani si sawa kabisa. Nifanyeje droo iwe ya haki? — Mwalimu, Kakamega

Macho yako hayakudanganyi, Mwalimu. Gmail haitambui nukta zilizo kabla ya alama ya @, na inapuuza chochote kinachofuata alama ya kujumlisha. Kwa hiyo mtejawetu@gmail.com, mteja.wetu@gmail.com na mtejawetu+7@gmail.com ni sanduku moja la barua. Mtu mmoja anaweza kujiandikisha mara 50 na kuthibitisha zote 50 akiwa amekaa palepale.

Hamisha orodha kwenye Google Sheets, anwani zikae safu ya A kuanzia mstari wa 2. Kwenye B2 andika:

=SUBSTITUTE(REGEXEXTRACT(LOWER(A2),"^[^@+]+"),".","")

Iburute hadi chini. Inageuza herufi kubwa kuwa ndogo, inakata kila kitu kuanzia kwenye + au @, na kuondoa nukta. Kwenye C2 andika =COUNTIF(B:B,B2); kila penye 2 au zaidi pana mtu wa kuchunguzwa. Angalizo: ujanja wa nukta ni wa Gmail. Kwenye anwani za kampuni au chuo, nukta inaweza kutenganisha watu wawili halali, kwa hiyo usifute kabla ya kuangalia kilicho baada ya @. Anayejirudia mwachie nafasi moja, usimfukuze, isipokuwa masharti yako yalisema atafukuzwa.

Kisha ondoa ambao hawakuthibitisha. Hapa ndipo uthibitisho wa hatua mbili unajilipia: mtu anajaza fomu, anapokea barua yenye linki, na haingii kwenye droo mpaka aibonyeze. Utapoteza baadhi, lakini wengi wao ni gmial.com na gmail.con, anwani ambazo zingekurudishia barua na kukuharibia sifa ya utumaji.

Waliobaki wape namba kuanzia 1. Wakiwa 264, andika =RANDBETWEEN(1,264). Tahadhari ambayo imewaaibisha wengi: namba hiyo hubadilika kila unapoandika kwenye kisanduku kingine chochote. Ukifurahi, ukaenda kuandika jina la mshindi pembeni, mshindi ameshabadilika mbele ya watazamaji wako. Anza kurekodi skrini, andika fomula, bonyeza Enter mara moja, nakili namba na uibandike papo hapo kama thamani tupu. Tumia utaratibu huohuo kupata wa akiba wawili, na mshindi apewe saa 72 za kujibu kabla ya nafasi kwenda kwa wa akiba.

Tangaza jina la kwanza na mji tu. Na kwa kuwa wasomaji wako wengi ni wanafunzi, rudi kwenye jibu la Mpiga Picha kuhusu miaka 18.

Nikichapisha chapisho la Facebook na kusema "shiriki na utage marafiki watatu ili ushinde", si nitafikia watu wengi zaidi? — Muuza Vitenge, Kisumu

Utafikia, mpaka ukurasa upigwe breki. Masharti ya Facebook hayaruhusu kumtaka mtu ashiriki kwenye ukurasa wake binafsi au awatage marafiki kama sharti la kuingia shindanoni. Na waliotagwa hawakukupa barua pepe. Weka linki ya fomu, uandike kwamba shindano halidhaminiwi wala kuendeshwa na Facebook. Ukitaka watu walete wenzao, mpe kila aliyejiandikisha linki yake ya pekee na nafasi moja ya ziada kwa kila rafiki aliyethibitisha, mwisho nafasi tano. Usipoweka mwisho, mwenye mtandao mkubwa ataimeza droo yote.

Baada ya promosheni nilikuwa na anwani 600. Niliwatumia barua kwa Gmail yangu ya kawaida, wote nikawaweka kwenye BCC. Nusu haikwenda na wengine wananiambia iliingia kwenye taka. — Fundi wa Sola, Bungoma

Akaunti ya kawaida ya Gmail haivuki wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo ulisimamishwa njiani. Na barua ya BCC, yaani ya wapokeaji wasioonana, haina kitufe cha kujitoa. Aliyekuchoka hana pa kubonyeza ila "ripoti taka". Hapo ndipo pabaya. Kuanzia Februari 2024 Google inawataka watumaji wabaki chini ya 0.3% ya malalamiko, yaani watatu kwa kila barua elfu, na inashauri usipite mmoja. Barua 600 zikileta malalamiko mawili tu, umeshavuka. Wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wana masharti mengine juu yake, ila hata mdogo hufaidika akiyafuata.

Kata shauri ununue jina lako la tovuti la .co.ke na utume kupitia mfumo wa kutuma barua, si kupitia sanduku lako. Brevo, kwa mfano, ina mpango wa bure wa barua 300 kwa siku, kwa hiyo watu 600 utawamaliza kwa siku mbili. Usitume kupitia mfumo huo ukiwa na anwani inayoishia @gmail.com; wapokeaji wataona barua inadai kutoka Gmail wakati haikupita huko.

Mfumo utakupa mistari ya kuweka kwenye mipangilio ya DNS, yaani orodha inayoelekeza jina lako la tovuti na barua zake. SPF inasema ni nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM inatia sahihi kila barua, na DMARC inasema la kufanya barua isipopita. Kosa linalojirudia ni kuwa na mistari miwili ya SPF, mmoja wa aliyekuuzia nafasi ya tovuti na mwingine wa mfumo wa barua. Miwili ikikutana, ukaguzi unafeli wote. Iunganishe iwe mmoja. DMARC anza na "v=DMARC1; p=none;" kwenye jina dogo la _dmarc, ukaze baadaye.

Jambo la mwisho ni kichwa cha barua. "Hongera umeshinda!" Kenya hii ni sentensi ya matapeli, kila mmoja ameshapokea SMS ya aina hiyo. Andika "Matokeo ya droo ya taa za sola, Bungoma". Jina la mtumaji liwe lilelile lililokuwa kwenye fomu. Mtu alijiandikisha kwa Fundi wa Sola. Akipokea barua kutoka jina lingine la kampuni hakumbuki, na asiyekumbuka ndiye anayeripoti.

Droo yangu inaisha Ijumaa. Ambao hawakushinda niwaambie nini? — Mwenye Saluni, Nakuru

Usisubiri Ijumaa, dada. Barua ya kwanza inatakiwa kumfikia mtu dakika chache baada ya kuthibitisha, angali anakumbuka: umeingia, droo ni lini, mimi ni nani, nitakuwa nikikuandikia mara mbili kwa mwezi. Siku ya tatu mtumie kitu cha kumfaa bila kumuuzia, kama jinsi ya kutunza nywele zilizosukwa zisikatike kwenye paji la uso.

Matokeo yaende kwa wote ndani ya saa 24 baada ya droo, na ndani ya barua hiyohiyo aliyekosa apate ofa ya siku saba. Isiwe "punguzo la 5%", ambalo ni tusi kidogo. Iwe huduma moja unayoimudu: kuoshwa nywele bure akija kusukwa, Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambazo viti vyako viko wazi. Kila mmoja umpe kuponi yenye namba yake. Namba moja kwa wote itasambazwa mji mzima, na Jumamosi utakuwa unabishana mlangoni.

Wote waliokuja kupitia droo uwawekee alama moja kwenye mfumo, kwa mfano "droo-juni". Baada ya siku 60 linganisha: kati ya wenye alama hiyo, wangapi wameketi kwenye kiti? Wakiwa wachache kuliko waliojiandikisha wenyewe mlangoni, badilisha zawadi kabla ya droo nyingine.

Nauza viatu soko la Kibuye Jumapili. Naweza kukusanya barua pepe kwa daftari? — Mama wa Viatu, Kisumu

Unaweza, lakini daftari linadanganya. Mwandiko wa haraka unachanganya a na o, 1 na l, mstari wa katikati na mstari wa chini. Herufi moja ikikosewa barua haifiki. Tena anayejaza mstari wa tisa anasoma anwani na namba za wanane waliomtangulia, nao hawakukubaliana na hilo.

Tumia vikaratasi, kimoja kwa mtu mmoja, vikatumbukizwe kwenye boksi lenye tundu. Chapisha vinne kwa ukurasa mmoja wa A4. Kila kikaratasi kiwe na nafasi ya jina, visanduku vidogo 30 vya anwani, herufi moja kila kisanduku, saizi ya kiatu, na mstari wa idhini wenye pa kutia sahihi. Ukipokea, isome anwani kwa sauti ya chini mbele ya mwenyewe kabla hajaondoka. Ingiza zote jioni ileile. Barua ya kuthibitisha ikifika Jumatano, aliyekuacha Kibuye Jumapili ameshasahau viatu.

Kama simu yako ina chaji ya kutosha na mtandao haukusumbui, fomu ya Google iliyofunguliwa mkononi mwako ni bora kuliko karatasi. Ila siku za mvua beba vikaratasi pia, na kalamu ya wino usiochuruzika.